Pigo la Nne

Kornelio Mntangi alilinda geti la Chuo cha Ufundi Kwemtalawa kwa miaka ishirini na sita, na katika miaka kumi na moja ya mwanzo aliwapiga watu wengi mno. Mimi nilikuwa masjala, chumba cha kwanza kushoto ukishaingia getini, kwa hiyo mengi niliyaona dirishani. Mengine alinisimulia mwenyewe, siku za mvua, tukinywa chai.

Alizaliwa Rangwi mwaka 1971, mtoto wa tatu wa mpasua mbao. Baba yake aliwapiga watoto kwa mkanda, kwa kuni, na mara moja kwa ubapa wa msumeno. "Nyumbani kwetu ulijua umekua siku baba alipoogopa kukupiga," aliniambia. Kwake siku hiyo ilifika akiwa na miaka kumi na sita. Alimnyang'anya baba yake kuni, akamvunja nayo kidole cha shahada, kisha akaondoka kwenda msituni kupasua mbao kama yeye.

Huko msituni aligombana na wapasuaji wawili kwa ajili ya gogo la mkulo, mti wa mbao ghali. Mmoja alimkata sikio la kushoto kwa panga, likabaki nusu. Kornelio, damu ikimtiririka shingoni, alimng'oa meno matatu kwa mpini wa shoka, akamfukuza wa pili mpaka kwenye korongo. Wale walipokwenda kushtaki, hakukana. Alikaa ndani miezi minane.

Chuo kilimwajiri mwaka 1998 kwa sababu hiyo hiyo. Mashamba yetu ya viazi na kabichi yalikuwa yakiibiwa kila msimu, na mkuu wa wakati ule alitaka mtu wa kutisha. Akampata. Kornelio alitembea na rungu lenye kichwa kama ngumi ya mtu mzima. Mbuzi wa jirani akiingia kwenye kabichi alirudi kwao akiwa amebebwa. Mwanafunzi akiruka ukuta, kesho yake alikaa darasani kwa ubavu. Wizi ulipungua, na mkuu yule akaridhika.

Januari 2007 alikuja mkuu mpya, Bi Esteria Shehoza, mwenyeji wa Mtae, zamani mwalimu wa michezo. Alikuwa Mlutheri mwenye watoto wanne, lakini wapishi wetu Wakatoliki walianza kumwita Mama Mkuu, kama mkubwa wa masista, na jina likamganda. Hakupenda rungu la Kornelio. Alimwambia mara mbili aliache nyumbani. Mara zote mbili Kornelio alijibu, "Sawa, Mama," na kesho yake akaja nalo.

Alhamisi, tarehe 13 Agosti 2009, kukiwa kumeanza kupambazuka, Kornelio alimkuta kijana kwenye shamba la viazi akiwa na gunia lililojaa nusu. Kijana huyo aliitwa Rashidi, mchuma chai wa upande wa Mponde. Alikuwa amekosa kazi miezi miwili. Hakukimbia. Alipiga magoti kwenye tuta akanyoosha mikono. Pigo la kwanza lilimvunja goti. La pili lilimpata usoni, na jicho la kulia halikuona tena tangu siku ile. Baada ya hapo Kornelio hakukumbuka idadi. Aliniambia alikuwa anasikia sauti ya msumeno kichwani.

Mama Mkuu alisikia kilio kutoka nyumbani kwake, akatoka na kanga na kandambili, akakimbia matutani.

"Kornelio, acha!"

"Toka, Mama! Huyu ni mwizi!"

"Nimesema acha!"

Hakuacha. Mama akasimama juu ya Rashidi, mguu mmoja huku na mwingine kule, akainua mkono wa kushoto. Rungu likashuka juu ya mkono huo. Mpishi aliyekuwa anakoka moto, hatua mia moja kutoka pale, alisema alisikia mfupa ukivunjika.

Mama hakupiga kelele. Aliuangalia mkono wake uliopinda katikati pasipo na kiungo, akasema, "Umemaliza? Sasa mbebe."

Kornelio alimbeba Rashidi mgongoni kilomita nne mpaka zahanati. Mama alitembea pembeni yake, mkono umefungwa kwa kanga. Mkono ule uliunga vibaya. Mpaka leo haunyooki. Katika taarifa yake kwa ofisi ya juu aliandika kwamba alianguka ngazini. Taarifa hiyo niliiweka kwenye jalada mimi mwenyewe, na nilijua ni uongo, na sikusema.

Jumatatu yake Kornelio aliitwa ofisini. Alikuja na begi lake la nguo, maana alijua amefukuzwa. Mlango ulikuwa wazi, nikasikia yote.

"Rungu lako nimelitia jikoni," Mama alisema. "Limepika uji wa wanafunzi. Hata hivyo lilikuwa na moshi sana."

"Ndiyo, Mama."

"Chukua hii." Ilikuwa filimbi yake ya chuma, ya siku za uwanjani, yenye kamba nyekundu. "Ukiona mwizi, piga, watu waje. Mikono yako itakaa mfukoni."

"Mpaka lini, Mama?"

"Mpaka nitakapostaafu. Baada ya hapo utajiamulia mwenyewe."

Jenoveva, mke wa Kornelio, alishona mifuko mipya kwenye koti lake la kazini. Aliishona mirefu, mikono ikazama mpaka kiwiko. "Nimekushonea jela," alimwambia mumewe, akacheka, na Kornelio naye akacheka, jambo ambalo halikuwa la kawaida. Tangu wakati huo, kila Jumatatu saa moja na nusu asubuhi, Mama Mkuu alipopita getini, baada ya shikamoo na marahaba alimuuliza neno moja.

"Kornelio, mikono?"

"Imo mfukoni, Mama."

Wageni walidhani ni utani wa wazee. Haukuwa utani. Mwaka 2013 mlevi alimtemea mate usoni mbele ya wanafunzi arobaini. Mwaka 2018 mwanafunzi aliyekataliwa ruhusa ya kutoka alimzaba kofi, kofia ikaruka. Nilimwona Kornelio akiingiza mikono mfukoni kwa nguvu, mfuko wa kulia ukachanika mpaka kwenye pindo, na mkono ukatokea chini umefumba ngumi. Alisimama hivyo, ngumi nje ya koti, mpaka yule kijana akaogopa mwenyewe akaondoka. Jumatatu iliyofuata alijibu, "Imo mfukoni, Mama. Mmoja ulichungulia."

Hivyo, ilipotangazwa kwamba Mama Mkuu atastaafu na kuagwa Jumamosi, tarehe 15 Juni 2024, wengine waliwaza zawadi na nyimbo. Kornelio aliwaza kitu kimoja. "Zimebaki siku tisa," aliniambia. Kisha siku nne. Kisha moja. Alitaka aulizwe mara ya mwisho, siku ile ile, mbele ya watu, na ajibu kama alivyojibu siku zote.

Zawadi ya wafanyakazi na wazazi ilikuwa mtamba mweusi mwenye doa jeupe begani. Tulimfunga utepe wa bluu shingoni, tukamweka nyuma ya karakana ya useremala mpaka wakati wa kumkabidhi ufike.

Hapa inabidi nimtaje Tobia Shekiondo. Tobia alifundisha useremala chuoni kwetu mpaka alipostaafu, na alikuwa mtani wa Mama Mkuu, kwa sababu ukoo wake na ukoo wa Mama zina utani tangu zamani za mababu. Kwetu milimani mtani ana haki zake. Mtu akipewa zawadi kubwa, mtani anaweza kuichukua mchana kweupe, na mwenyewe hana ruhusa ya kukasirika. Lazima aikomboe kwa kitu anachokipenda. Wiki nzima Tobia alizunguka kijijini akijitapa.

"Huyo ng'ombe halali Mtae. Atalala kwangu mpaka Esteria anipigie magoti!"

Wafanyakazi na wazee wote walijua isipokuwa Kornelio. Tobia alikuwa amewaapisha. "Nikimwibia mtu wa kawaida si kitu," alisema. "Nikimwibia Kornelio mbele ya macho yake, hapo nitakuwa nimeiba."

Mwezi ule ng'ombe wawili walikuwa wameibiwa kwenye vijiji vya jirani. Walikutwa msituni wamechunwa, vimebaki vichwa na kwato. Watu walikuwa na hasira ya kweli, na vijana wa bodaboda walikuwa wamesema wazi kwamba wa tatu akiibiwa, mwizi hatafika polisi. Sisi tuliyasikia yote mawili, ya Tobia na ya bodaboda, katika wiki moja, tukanywa chai juu yake. Hakuna aliyeyaweka pamoja. Hata mimi.

Siku yenyewe ilikuja na ukungu. Wageni walikaa kwenye turubai uwanjani: masheikh, mchungaji, padri wa Rangwi, wazazi, wanafunzi. Rashidi naye alikuja kutoka Mponde, kanzu imepigwa pasi, akitembea kwa kuburuta mguu. Alikuja kila mahafali tangu mwaka 2010. Mama ndiye aliyemwombea kazi ya kiwandani. Getini alisimama mbele ya Kornelio.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba, Rashidi. Onga mshi."

Walisalimiana hivyo kila mwaka, kwa Kiswahili na Kisambaa, kisha kila mmoja aliangalia upande wake.

Saa sita na dakika ishirini kwaya ilikuwa inaimba. Kornelio alizunguka nyuma ya karakana kumtazama mtamba. Akaona kamba imekatwa, na mtu aliyevaa gunia lililotobolewa macho, miguu imepakwa masizi, anamwingiza ng'ombe kwenye upenyo wa uzio wa misonobari. Mtu yule aligeuka, akamwona Kornelio, akamtingishia kiuno.

Kornelio alitoa filimbi akaipiga mara tatu.

Getini kulikuwa na vijana tisa wa bodaboda waliowaleta wageni kutoka vijiji vya jirani. Walifika kwanza. Nyuma yao walikuja wanafunzi wa mwaka wa kwanza, wengi wao wa Mombo, Korogwe na Dar, waliokuwa na miezi mitano tu milimani na hawajui Shekiondo ni nani wala Shehoza ni nani. Mtu mmoja akapiga kelele, "Mwizi wa ng'ombe!" Baada ya hapo hakukuwa na neno jingine lililosikika.

Tobia alikimbia kidogo, akicheka, kwa sababu kukimbizwa ni sehemu ya mchezo. Tofali la kwanza lilimpata mgongoni. Akageuka, akainua mikono, akaanza kusema kitu ndani ya gunia. Jiwe likampata mdomoni. Gunia likawa jekundu pale pale. Akaanguka, wakamzunguka. Walimpiga mateke kwa buti za karakana zenye chuma mbele. Kijana mmoja alimpiga kwa kofia ngumu ya pikipiki, akiishika kwa mkanda na kuizungusha. Mwingine alikimbilia kuleta petroli. Nilikuwa nimetoka masjala, nimesimama kwenye kona ya karakana, natazama.

Kornelio alifika akiwa bado na filimbi mdomoni. Mtu aliyelala chini alijiviringisha, gunia likapanda, na Kornelio akaona kiatu: sandali ya tairi yenye kisigino cha mbao. Ni Tobia peke yake aliyejitengenezea viatu vya namna ile.

"Ni Tobia!" alipaza sauti. "Ni mtani! Mwacheni, ni mtani!"

"Na wewe nani?" mmoja alimjibu. "Mtani wa wezi?"

Kornelio aliingiza mikono mfukoni. Naandika hivi kwa sababu niliona. Aliingiza mikono mfukoni mpaka kiwiko, akainamisha kichwa, akawasukuma kwa bega na kifua kama dume la ng'ombe linavyosukuma boma. Walimpiga ngumi shingoni, akaanguka kwa magoti. Akasimama. Akaikamata filimbi kwa meno akaipuliza kwa nguvu zake zote, wanyamaze wamsikilize.

Wachukuzi wa kabichi waliokuwa barabarani walisikia filimbi wakaja na wao. Mmoja alikuja na sururu.

Hapo Kornelio aliitema. Niliona filimbi ikining'inia kifuani kwenye kamba yake nyekundu. Abubakari, mwanafunzi wa uchomeleaji wa mwaka wa kwanza, kijana wa Korogwe asiyekuwa na kosa lolote kwenye jalada lake, alikuwa ameinua tofali la saruji kwa mikono miwili juu ya kichwa cha Tobia.

Mikono ya Kornelio ilitoka mfukoni.

Alimnyang'anya mchukuzi sururu, akaking'oa chuma chake kwa kukigonga chini mara moja, akabaki na mpini. Pigo la kwanza lilikwenda kwenye vidole vya yule wa kofia ngumu. La pili lilimpata magotini aliyekuja na chupa ya petroli. Chupa ikapasuka, na harufu ikatanda pote. La tatu lilimpata Abubakari tayani kutoka upande. Tofali lilianguka sentimita chache kutoka kwenye sikio la Tobia, likazama kwenye udongo. Abubakari akaanguka juu ya tofali hilo. Taya lake lilikuwa limekaa mahali pasipo pake, na alikuwa anatoa mlio mwembamba kama wa mtoto wa mbuzi.

Watu walirudi nyuma. Duara likawa pana. Tobia alikuwa hai, anahema. Kazi ilikuwa imekwisha, na kila mtu pale aliiona kuwa imekwisha.

Kornelio akainua mpini tena.

Aliuinua juu ya Abubakari, ambaye alikuwa chini, hana kitu mkononi. Nilimtazama usoni. Sijui jinsi ya kuuandika ule uso, ila nilikuwa nimewahi kuuona mara moja, mwaka 2009, akirudi kutoka zahanati, kabla damu ya Rashidi haijamkauka mgongoni.

Sasa nirudi nyuma kidogo. Filimbi ya kwanza ilipolia, watu wengi chini ya turubai waligeukia karakana, na waliokimbia walikimbilia huko. Rashidi peke yake alikimbia upande mwingine. Alikwenda kwa mguu wake mbovu, akavunja kiti, akamwangusha mzee mmoja wa kwaya, mpaka meza kuu. Akamshika Mama Mkuu mkono wa koti.

"Mama, wanaua mtu."

"Nani anaua?"

"Sijui. Lakini wanaua. Mimi naijua hiyo filimbi, ni ya mwizi."

Kwa hiyo Mama alikuwa anakuja, mwanamke wa miaka sitini, suti ya zambarau, viatu amevivua ameviacha njiani. Alipita katikati ya vijana wakampisha. Akasimama juu ya Abubakari, mguu mmoja huku na mwingine kule, akainua mkono wa kushoto, ule uliopinda.

Hakupaza sauti.

"Kornelio," alisema, "mikono?"

Mpini ulikuwa hewani. Mikono yote miwili ilikuwa juu, imeushika. Sikuhesabu sekunde, lakini kwaya uwanjani ilikuwa bado inaimba, kwa maana waliokuwa mbele hawakujua yanayotokea nyuma ya karakana, na walimaliza ubeti mzima.

Kisha akaushusha. Hakuutupa. Aliulaza chini taratibu kama mtu anayelaza mtoto, akabaki amesimama, mikono imening'inia, anaitazama.

"Leteni gari langu," Mama alisema.

Gari lilikuwa la kumpeleka Mtae kwa shangwe. Lilikuwa limepambwa utepe mweupe na maua ya plastiki, na bango nyuma limeandikwa "Pumzika Salama Mama", ambalo padri alikuwa ameshalalamikia asubuhi kwamba linafaa kaburini. Ndani yake walipakiwa Tobia na Abubakari kwenye kiti cha nyuma, na Kornelio katikati yao, mmoja amemlalia bega la kulia na mwingine la kushoto. Damu zao zilichanganyika kwenye koti lake. Mama alikaa mbele. Mimi nilipanda kwenye pikipiki nyuma yao, kwa sababu aliniambia nije na kalamu. Ukishuka barabara ile kila kona ina watu, na kila kona watu walipiga vigelegele wakidhani ni msafara wa kuaga.

Hospitalini tulisubiri barazani. Tobia alikuwa amevunjika mbavu nne na kupoteza meno sita, na mkono wa kulia, wa kushikia randa, ulivunjika mara mbili. Walipotuita kumwona, uso wake ulikuwa umevimba, hakuna jicho lililofunguka. Kornelio alisimama mlangoni hakuingia.

"Esteria yupo?" Tobia aliuliza. Maneno yalitoka yakiwa laini, bila meno.

"Nipo."

"Ng'ombe bado ni wangu. Hujamkomboa."

"Mjinga wewe," Mama alisema, akaanza kulia, mara ya kwanza siku ile. "Mzee mjinga. Umevaa gunia! Unataka nini?"

"Hilo koti."

Alivua koti la suti yake ya kuagwa, la zambarau, lenye damu ya watu wawili, akamfunika nalo. "Ng'ombe amekombolewa. Na usiniibie tena, sina koti lingine."

"Hongea," Tobia alishukuru kwa Kisambaa. Kisha, bila kugeuza kichwa: "Na huyo mlangoni aingie. Anaziba upepo. Kornelio! Nilikuibia, sikukuibia?"

Kornelio aliingia hatua moja. "Uliniibia," alisema.

"Basi."

Abubakari hakuweza kusema chochote. Taya lake lilifungwa kwa waya, na baba yake alipigiwa simu Korogwe. Kornelio alikaa pembeni ya kitanda chake robo saa. Kijana alimtazama mara moja akageukia ukutani.

Alipotoka pale alimwambia Mama, "Twende polisi."

"Hakuna aliyeshtaki, Kornelio. Ulimwokoa mtu. Pale hakuna asiyejua."

"Twende, Mama."

Kituoni kulikuwa na koplo mmoja wa makamo, mtaratibu, mwenye daftari kubwa. Kornelio alieleza kila kitu tangu filimbi. Koplo aliandika polepole, akirudia kila sentensi kwa sauti ya chini. Pigo la kwanza, vidole. La pili, goti. La tatu, taya. Halafu akapiga mstari.

"Hapa kuna kujitetea na kumtetea mwingine," alisema. "Hakimu ataona. Mama, wewe ni shahidi. Nawe uliona haya?"

Mama Mkuu alikuwa amekaa na blauzi, anatetemeka kwa baridi, mkono uliopinda juu ya meza. Nilimwona akifikiri. Nilijua anachofikiri, kwa sababu jalada la mwaka 2009 nilikuwa nalo kichwani, neno kwa neno: nilianguka ngazini.

"Mama," Kornelio alisema, "safari hii usianguke."

Mama aligeuka akamwangalia.

"Kulikuwa na la nne," Kornelio akamwambia koplo. "Nililiinua. Kijana alikuwa chini, hana kitu. Mama ndiye aliyenizuia, na huo mkono wake niliuvunja mimi, miaka kumi na mitano iliyopita kasoro miezi miwili. Andika na hilo."

Koplo aliinua kalamu. "Lilimpata nani hilo la nne?"

"Halikumpata mtu."

"Sasa halina majeruhi, mzee wangu. Nitaliandika wapi?"

"Liandike," Mama Mkuu alisema. "Nililiona. Na la mkono wangu ni kweli. Andika vyote, nitaweka sahihi."

Koplo aliguna, akafungua ukurasa mpya, akaandika. Kornelio hakuweza kusoma vizuri bila miwani, kwa hiyo aliniomba nimsomee. Nilimsomea mara mbili. Aliweka sahihi yake chini ya maneno ya pigo la nne, Mama akaweka yake chini ya hapo. Kisha Kornelio akavua filimbi shingoni na kuiweka juu ya daftari. Mama aliichukua. Ilikuwa na alama za meno kwenye chuma. Akaitia kwenye mkoba wake, akaondoka nayo Mtae kesho yake, bila hotuba. Ng'ombe alifuata kwenye lori la viazi.

Kesi ya Kornelio ilimalizika Desemba kwa mapatano. Baba yake Abubakari alimtaka Kornelio amlimie kijana shamba la mahindi msimu mmoja huko Korogwe, kwenye joto ambalo watu wa milimani hawaliwezi, naye akaenda akalima. Vijana watatu wa bodaboda wako ndani kwa ajili ya mbavu za Tobia. Kornelio amerudi getini. Hana rungu wala filimbi. Wiki iliyopita Jenoveva alitaka kuziba ile mifuko mirefu, akisema Mama ameshastaafu, muda wake umekwisha. Kornelio alimkatalia.